Jinsi Lenzi Pana Ilivyojifunza Kuona Gizani

Mwaka 1840, mjini Vienna, mwanahisabati Joseph Petzval alikopeshwa askari wa kikosi cha mizinga. Vijana hao walizoea kukokotoa njia ya risasi angani, na yeye alihitaji watu wa kumsaidia kukokotoa njia ya mwanga ndani ya vipande vya kioo. Upigaji picha ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu mvumbuzi Daguerre autangaze Paris, na tayari ulikuwa na shida kubwa: lenzi za wakati ule zilipitisha mwanga kidogo mno, hivyo aliyepigwa picha alilazimika kukaa kimya juani kwa dakika kadhaa, shingo ikiwa imeshikiliwa kwa chuma. Lenzi iliyotokana na hesabu za Petzval, ambayo kampuni ya Voigtländer iliitengeneza, ilipitisha mwanga zaidi ya mara kumi kuliko lenzi ya Chevalier iliyotumiwa na wengi.

Namba yake ilikuwa f/3.6. Kwa msomaji asiyeshika kamera kila siku: namba hii hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi ya lenzi kwa kipenyo cha tundu linaloingiza mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi. Kutoka f/2.8 hadi f/1.4 mwanga unaongezeka mara nne.

Ila lenzi ya Petzval iliona kwa ukali katikati tu. Uso wa mtu ulitoka safi, masikio na mabega yakazama kwenye ukungu. Wapiga picha wa studio waliridhika, maana uso ndio uliolipiwa. Aliyetaka kupiga jengo zima, barabara yenye watu au ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta hakuwa na la kufanya kwa lenzi hiyo. Tangu siku hizo njia mbili ziliachana: lenzi ya mwanga mwingi ikaona chembamba, na lenzi iliyoona kwa upana ikataka jua kali. Kuzikutanisha kulichukua zaidi ya karne moja.

Upana bila mwanga, 1859 hadi 1900

Walioufuata upana walikwenda mbali kweli. Mwaka 1859 Mwingereza Thomas Sutton alipata hataza ya lenzi ya mandhari yenye umbo la mpira wa kioo uliojazwa maji. Mwaka 1900 Emil von Höegh wa kampuni ya Goerz, Berlin, alitoa Hypergon, vipande viwili vyembamba vilivyopinda kama maganda, vilivyoona pembe ya takriban nyuzi 135. Hata leo lenzi chache zinafikia hapo bila kupinda mistari iliyonyooka. Lakini Hypergon ilifanya kazi kwenye f/22, na katikati ya picha palikuwa na mwanga mwingi mno kuliko pembeni. Suluhisho la Goerz lilikuwa feni ndogo yenye umbo la nyota iliyowekwa mbele ya lenzi. Mpigapicha alibonyeza pampu ya mpira, feni ikazunguka na kuziba katikati kwa sehemu kubwa ya muda wa kupiga, kisha ikaondolewa.

Feni ile inaeleza kiini cha tatizo zima. Mtu anaweza kudhani ugumu wa lenzi pana yenye mwanga ni ukubwa wa tundu. Sivyo. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.4 inahitaji tundu la milimita 36 hivi. Ya milimita 24 yenye namba hiyohiyo inahitaji milimita 17 tu. Ugumu uko kwenye mwale unaoingia kwa mshazari. Mwale huo unalikuta tundu la duara likiwa limelala upande, kwa hiyo unaliona jembamba, kisha unasafiri mwendo mrefu zaidi kuifikia kona ya filamu na kutua hapo ukiwa umeinama. Kwa lenzi rahisi ya milimita 24 kwenye filamu ya kawaida ya milimita 35, kona inapata karibu asilimia 30 tu ya mwanga unaofika katikati. Kwa milimita 14 haifiki hata asilimia 10. Juu ya hayo, kasoro zote za kioo huongezeka kadiri mwale unavyozidi kuinama na kadiri tundu linavyozidi kufunguliwa. Anayefungua tundu na kupanua pembe kwa pamoja anazichochea kasoro hizo pande zote mbili.

Kioo kipya, na mtu aliyepiga picha mahakamani

Msaada wa kwanza ulitoka kwa wayeyushaji wa kioo. Mwaka 1884 Otto Schott, Ernst Abbe na Carl Zeiss walianzisha kiwanda huko Jena, Ujerumani, wakaanza kuchanganya kwenye kioo vitu kama bariamu ambavyo havikuwa vimezoeleka. Kioo cha Jena kiliweza kupinda mwanga sana bila kutawanya rangi zake kwa kiasi kilekile. Ndani ya miaka michache Paul Rudolph wa Zeiss akawa anabuni lenzi zilizo kali hadi pembeni, na mwaka 1902 ikatoka Tessar.

Mwaka 1924 kampuni ya Ernemann ya Dresden iliuza kamera ndogo iitwayo Ermanox ikiwa na lenzi ya f/2 iliyobuniwa na kijana Ludwig Bertele. Hiyo haikuwa lenzi pana, lakini ndiyo iliyobadili matarajio ya watu. Mwanasheria Erich Salomon aliificha Ermanox na kuingia nayo mahakamani na kwenye mikutano ya mabwana wa Ulaya, akawapiga wanasiasa wakisinzia, wakibishana na kunong'onezana chini ya taa za ukumbi bila flashi yoyote. Wasomaji wa magazeti walikuwa hawajawahi kuwaona viongozi wao hivyo. Baada ya Salomon, mpigapicha wa habari hakutaka tena kusubiri jua, na mbuni wa lenzi alijua anadaiwa nini. Salomon mwenyewe, aliyekuwa Myahudi, aliuawa Auschwitz mwaka 1944.

Lenzi iliyokaribia kugusa filamu

Leica ya Oskar Barnack ilianza kuuzwa mwaka 1925, na filamu yake ndogo ya milimita 35 ikawa kipimo cha dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilipata lenzi pana ya milimita 35, yenye f/3.5. Bertele, ambaye sasa alikuwa Zeiss, alijibu katikati ya muongo huo kwa Biogon ya milimita 35 yenye f/2.8 kwa ajili ya kamera ya Contax.

Biogon ilikuwa na siri moja ya umbo. Kipande chake cha nyuma kilikuwa kikubwa na kiliingia ndani kabisa ya kamera, kikakaribia filamu. Kamera za wakati ule ziliruhusu hilo, kwa kuwa mpigapicha alitazama kupitia kitundu cha pembeni na kupima umbali kwa kulinganisha taswira mbili. Kati ya lenzi na filamu hapakuwa na kitu isipokuwa pazia la shata. Mbuni akiachiwa nafasi hiyo anaweza kupanga vipande vyake karibu sawasawa mbele na nyuma ya tundu, na katika mpangilio huo kasoro za upande mmoja hufuta za upande wa pili. Lenzi inatoka ndogo na nyepesi, na mistari inabaki imenyooka.

Wakati huohuo tatizo jingine lilikuwa linatatuliwa. Kila mahali mwanga unapoingia au kutoka kwenye kioo, asilimia 4 hadi 5 hurudishwa nyuma. Lenzi yenye nyuso 10 za namna hiyo hupoteza theluthi ya mwanga au zaidi, na sehemu ya mwanga uliopotea huzungukazunguka ndani na kuitia picha ukungu. Dennis Taylor wa Uingereza alikuwa ameona tangu miaka ya 1890 kwamba lenzi kuukuu zilizochakaa uso hupitisha mwanga mwingi kuliko mpya. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss alipata njia ya kuweka utando mwembamba sana juu ya kioo kwa makusudi. Utando huo ulimpa mbuni ruhusa ya kuongeza vipande, na bila vipande vingi lenzi pana ya mwanga isingewezekana kamwe. Naamini hii ndiyo hatua iliyo kubwa kuliko zote katika historia hii, ingawa haikumpa mtu yeyote sifa ya kutajwa kwenye matangazo.

Kioo akisi kinaingia katikati, 1950

Kisha ikaja kamera iliyopendwa kuliko zote, na ikaharibu hesabu.

Kamera ya kioo akisi humwonyesha mpigapicha kile hasa lenzi inachokiona. Kioo kilichoinama nyuma ya lenzi hupeleka taswira juu machoni pake, na anapobonyeza kitufe kinaruka juu kupisha mwanga uende kwenye filamu. Exakta ya mwaka 1936 na Contax S ya mwaka 1949 zilifungua njia. Lakini kioo hicho kinahitaji nafasi ya kurukia. Kwenye Nikon F ya mwaka 1959, umbali kati ya mdomo wa kamera, ambako lenzi hufungiwa, na filamu ulikuwa milimita 46.5. Lenzi rahisi ya milimita 24 inatakiwa kukaa milimita 24 hivi kutoka kwenye filamu. Ikikaa hapo, kioo kinaigonga.

Mfaransa Pierre Angénieux alitoa jibu mwaka 1950 kwa lenzi ya milimita 35 yenye f/2.5. Mbele kabisa aliweka kipande kikubwa kinachotawanya mwanga, nyuma yake vipande vinavyoukusanya, na kwa hila hiyo lenzi ikasimama mbali na filamu ingawa fokasi yake ni fupi. Akaiita Retrofocus. Mbinu yenyewe ilikuwa imejaribiwa kwenye kamera za sinema za rangi za Technicolor, ambazo nazo zilihitaji nafasi nyuma ya lenzi, lakini Angénieux ndiye aliyeileta mikononi mwa watu wa kawaida. Huko Ujerumani Mashariki Zeiss ya Jena ilifuata upesi kwa lenzi zake za Flektogon.

Gharama ilikuwa kubwa. Lenzi ya namna hiyo haina usawa wa mbele na nyuma, kwa hiyo kasoro hazijifuti zenyewe. Inataka vipande vingi zaidi, uso wa mbele mkubwa zaidi, na fedha nyingi zaidi. Nikon yenyewe, ilipotaka kuwapa wateja wa kwanza wa Nikon F lenzi ya milimita 21, ilichukua ya mtindo wa zamani yenye f/4: mpigapicha alilazimika kuinua kioo na kukifunga juu, kisha atazame kupitia kitundu cha ziada kilichochomekwa juu ya kamera. Alinunua kamera ya kioo akisi na kunyimwa kioo akisi. Kwa takriban miaka sitini iliyofuata, karibu kila gramu ya ziada kwenye lenzi pana ya mwanga ilibebwa kwa ajili ya kukipisha kioo hicho. Kinachoniumiza ni kwamba vizazi viwili vya wapiga picha vilidhani uzito huo ni sheria ya maumbile.

Mbio za milimita 35, 1956 hadi 1971

Kwenye kamera zisizo na kioo akisi mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1956 Nippon Kogaku, ambayo leo inaitwa Nikon, ilitoa lenzi ya milimita 35 yenye f/1.8 kwa kutumia kioo chenye lanthanamu. Mwaka huohuo Canon nayo ilikuwa na f/1.8 yake, na mwaka 1958 ikashuka hadi f/1.5. Wajapani, ambao muongo mmoja nyuma walikuwa wanaitwa waigaji, walikuwa mbele ya Wajerumani.

Jibu la Leica lilitoka Kanada. Walter Mandler, Mjerumani aliyehamia Midland, Ontario, mwaka 1952, alibuni Summilux ya milimita 35 yenye f/1.4, iliyoanza kuuzwa mwaka 1961. Ilikuwa na vipande 7 na ilienea kwenye kiganja cha mtoto. Ikatengenezwa kwa zaidi ya miaka 30 bila umbo lake la msingi kubadilika. Ikifunguliwa kabisa, taa zilitoa nuru laini inayovuja na kona zililegea. Ikifungwa hadi f/4 ilikuwa kali kama lenzi yoyote. Wapo wanaoipenda hiyo nuru inayovuja na kuilipia fedha nyingi mpaka leo. Mimi naiona kuwa kasoro iliyopewa jina zuri, lakini nakiri kwamba hakuna aliyeweza kufanya zaidi kwa kioo cha wakati ule.

Mandler na wenzake walikuwa na kitu ambacho Petzval hakuwa nacho. Mwaka 1953 kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, kilichotengeneza Leica, kilipokea kompyuta ya Z5 kutoka kwa Konrad Zuse. Kabla ya hapo, kufuatilia mwale mmoja kupitia lenzi nzima kulimaanisha binadamu, kalamu na vitabu vya logarithmu, na lenzi moja ilitaka maelfu ya miale. Lenzi pana ndiyo iliyonufaika kuliko zote, maana miale ya mshazari ndiyo yenye hesabu mbaya zaidi.

Upande wa kamera za kioo akisi, Nikon ilitoa mwaka 1967 lenzi ya milimita 24 yenye f/2.8 ambayo baadhi ya vipande vyake husogea kivyake wakati wa kulenga karibu. Lenzi zisizo na usawa huharibika zikilenga karibu, na mbinu hiyo ya vipande vinavyoelea imerithiwa na takriban kila lenzi pana nzuri iliyofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja lenzi ya Nikon ya milimita 35 yenye f/1.4, ya kwanza ya namba hiyo kwa kamera ya kioo akisi, ikiwa na vipande 9 na utando wa tabaka nyingi. Pentax nayo ilikuwa imeanza kupaka tabaka saba. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu Summilux ya Mandler, na hiyo miaka 10 ndiyo ushuru uliotozwa na kioo akisi.

Nyuso zisizo za tufe

Mwaka 1975 ulikuwa na matukio mawili yanayostahili kukumbukwa pamoja.

La kwanza lilionekana kwenye majumba ya sinema. Stanley Kubrick alitoa filamu ya Barry Lyndon, yenye matukio yaliyomulikwa kwa mishumaa. Alitumia lenzi ya Zeiss ya milimita 50 yenye f/0.7, ya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya NASA. Milimita 50 ilikuwa nyembamba mno kwa kuonyesha chumba kizima chenye meza na watu, kwa hiyo fundi Ed DiGiulio alifungia kwenye lenzi mojawapo kifaa cha kupanua pembe hadi milimita 36.5 hivi. Kamera yenyewe ilibidi ichongwe ndani ili lenzi iweze kukaa karibu na filamu. Mpigapicha mkuu, John Alcott, alipata tuzo ya Oscar. Dunia iliona chumba kizima kikiishi kwa mwanga wa mshumaa peke yake.

La pili lilipita bila kelele. Canon iliuza lenzi ya milimita 24 yenye f/1.4, ya kwanza ya aina yake, ambayo mtu yeyote mwenye fedha angeweza kuinunua dukani. Ndani yake palikuwa na kipande ambacho uso wake haukuwa sehemu ya tufe. Kusaga kioo kuwa sehemu ya tufe ni kazi nyepesi: vipande viwili vikisuguana kwa kila upande, tufe hujitokeza lenyewe. Lakini uso wa tufe huipinda kupita kiasi miale inayopita ukingoni, na hapo ndipo nuru za Mandler zilipovuja. Uso uliotengenezwa kwa mkunjo mwingine huirekebisha miale hiyo, na kipande kimoja kinafanya kazi ya viwili au vitatu. Ugumu ni kwamba mkunjo huo hautokei wenyewe. Unasagwa nukta kwa nukta na kupimwa kwa vipimo vidogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, na kosa dogo linatupa kazi yote.

Ndiyo maana kwa miaka mingi lenzi hizo zilibaki za matajiri. Leica ilitoa karibu na mwaka 1990 Summilux yenye nyuso mbili za namna hiyo zilizosagwa kwa mkono, ikatengeneza chache tu. Kilichoshusha gharama ni kalibu: kioo kilicholainishwa kwa moto hubanwa kwenye umbo lililochongwa kwa usahihi mara moja, kisha umbo hilo hutumika tena na tena. Mwaka 1994 Leica ilibadili Summilux yake kwa kipande kilichobanwa. Nikon nayo ilishikilia kusaga kwa ajili ya lenzi yake ya milimita 28 yenye f/1.4 ya miaka ya 1990. Ilikuwa ghali, ikauzwa kidogo, na ilipoacha kutengenezwa bei yake ya mkononi ikapanda kupita ile ya dukani. Canon ilileta milimita 24 yenye f/1.4 kwa kamera zinazolenga zenyewe mwaka 1997, na 35 mwaka 1998. Hizo mbili ziliishi kwenye mikoba ya wapiga picha wa habari na wa harusi duniani kote, na ndizo zilizowafundisha wengi kwamba ukumbi wenye taa hafifu haudai flashi.

Kihisi kinaumbua, 2005 hadi 2017

Filamu ilikuwa na huruma. Chembe zake zilificha kona zilizolegea, na picha nyingi zilichapwa ndogo. Kihisi cha dijitali hakifichi kitu. Kamera kama Canon 5D ya mwaka 2005 ziliwapa watu wengi kihisi cha ukubwa kamili wa filamu, na kufikia Nikon D800 ya mwaka 2012 kihisi hicho kilikuwa na pikseli milioni 36. Mpigapicha alikuza kona ya picha kwenye skrini akaona nyota zilizoota mabawa na taa za mjini zilizochanika. Lenzi zilizosifiwa kwa miaka 30 zikaonekana zilivyo.

Wengi walitarajia kwamba uwezo mpya wa kuona gizani, ulioanza kushangaza watu na Nikon D3 ya mwaka 2007, ungeua haja ya lenzi za f/1.4. Haikuwa hivyo. Kamera ilipoweza kupiga nyota bila chombo cha kufuatilia anga, watu walitaka nyota zaidi. Dunia inazunguka, na lenzi ya milimita 24 kwenye stendi ina sekunde 20 hivi kabla nyota hazijaanza kuacha mkia. Ndani ya muda huo hakuna njia nyingine ya kuongeza mwanga ila kufungua tundu. Samyang ya Korea Kusini iliwauzia watu hao lenzi ya milimita 24 yenye f/1.4 inayolengwa kwa mkono, kwa bei ndogo kuliko za kampuni kubwa.

Aliyepindua meza kabisa ni Sigma, kampuni ya familia ya Yamaki yenye kiwanda Aizu, mkoani Fukushima, Japani. Kwa miaka mingi jina lake lilimaanisha lenzi ya bei rahisi kwa asiyemudu ile halisi. Mwanzilishi Michihiro Yamaki alifariki mwanzoni mwa mwaka 2012, na chini ya mwanawe Kazuto ikatoka mwaka huohuo lenzi ya milimita 35 yenye f/1.4 katika mfululizo wa Art. Bei ilikuwa dola 899, mamia ya dola chini ya Canon na Nikon, na kwa ukali ilizishinda. Hakuna lenzi iliyobadili soko hili zaidi ya hiyo. Mwaka 2015 Sigma ilitoa milimita 20 yenye f/1.4, na mwaka 2017 milimita 14 yenye f/1.8, zote mbili zikiwa za kwanza duniani kwa kihisi kamili.

Ila tazama uzito. Hiyo ya milimita 20 ilikuwa gramu 950. Zeiss Otus ya milimita 28, iliyotangazwa mwaka 2015, ilipita kilo 1.3. Ubora ulikuwa umefikiwa, na lenzi moja pana ilikuwa nzito kuliko kamera iliyofungiwa. Kioo akisi kilikuwa bado kinatoza ushuru wake.

Kioo akisi kinaondoka, 2018

Kamera za dijitali zisizo na kioo akisi, ambazo huonyesha taswira kwenye skrini ndogo machoni, zilikuwa sokoni tangu mwaka 2008, na Sony ilizipa kihisi kamili mwaka 2013. Lakini wabuni wa lenzi walichelewa kuutumia uhuru mpya. Mwaka 2018 ndio ulioamua. Nikon ilianzisha mdomo mpya wenye kipenyo cha milimita 55 ulio milimita 16 tu kutoka kwenye kihisi, badala ya 46.5 za zamani. Canon ilianzisha wake ulio milimita 20 kutoka kwenye kihisi. Na Sony ilitoa lenzi ya milimita 24 yenye f/1.4 yenye uzito wa gramu 445, wakati Canon ya kioo akisi ya namba zilezile ilikuwa gramu 650 na Sigma gramu 665. Mwaka 2021 Sony ikaongeza milimita 14 yenye f/1.8 kwa gramu 460. Kipande kikubwa kiliweza tena kukaa nyuma, karibu na picha, kama alivyofanya Bertele katika miaka ya 1930.

Haikuwa kurudi kulekule, kwa sababu kihisi hakipendi mwanga unaotua ukiwa umeinama sana, nacho kimefunikwa kwa kioo ambacho filamu haikuwa nacho. Mbuni wa leo anatumia nafasi hiyo kwa kiasi. Amepata pia msaidizi asiyeonekana: kompyuta ndani ya kamera hunyoosha mistari iliyopinda na kuangaza kona. Canon ya milimita 35 yenye f/1.4 ya mwaka 2024 imebuniwa kwa kutegemea msaada huo, na wapo wanaolalamika kwamba huo ni udanganyifu. Sikubaliani nao moja kwa moja. Kunyoosha mstari kwa hesabu hakupotezi mengi, lakini kona iliyoangazwa kwa hesabu huja na chembechembe, na kwa mpiga nyota hilo ni hasara halisi.

Kilichobadilika kuliko vyote ni maana ya namba yenyewe. Kwa nusu karne f/1.4 ilikuwa alama ya daraja la juu. Mwaka 2024 Nikon ilitoa milimita 35 yenye f/1.4 kwa dola 599, bei ndogo kuliko ile yake ya f/1.8 iliyotoka 2018 kwa dola 850 hivi, nayo ya f/1.8 ndiyo iliyobuniwa kwa viwango vikali zaidi. Viltrox ya China inauza milimita 16 yenye f/1.8 kwa bei ambayo zamani ingenunua f/2.8. Na Sigma, mwaka 2023, ilifika milimita 14 yenye f/1.4, lenzi ya zaidi ya kilo moja iliyotengenezwa kwa ajili ya anga la usiku, ikiwa na mguu wake wa kufungia kwenye stendi.

Kwa anayenunua leo Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, historia hii inatoa ushauri ulio wazi. Tofauti ya mwanga kati ya f/1.4 na f/1.8 ni mara 1.6 hivi, na kamera ya sasa inaifidia bila shida. Kwa harusi, semina na picha za watu majumbani, milimita 35 yenye f/1.8 inatosha, na fedha iliyobaki iende kwenye lenzi ya pili. Kwa nyota chagua 20 au 24: kwetu Afrika Mashariki kitovu cha Njia Nyeupe hupanda juu sana angani katikati ya mwaka, na wapiga picha wa Ulaya husafiri kukifuata. Kwa kazi hiyo usidanganywe na namba peke yake. Mwombe muuzaji ruhusa ya kujaribu usiku, weka taa za mbali kwenye kona ya fremu tundu likiwa wazi kabisa, kisha ikuze picha. Taa zikitoka na mabawa, mrudishie lenzi yake.